Sanduku la Fundi wa Tembe: Tunza Kumbukumbu za Ujenzi wa Asili Kabla Mchwa Hawajakutangulia

Kama kwenu ni Rungwa, huenda sanduku lenyewe liko nyumbani sasa hivi. Liko chini ya kitanda, au limepachikwa juu ya kabati. Ndani mna picha ya harusi, na nyuma ya maharusi inaonekana tembe ambayo leo ni tuta la udongo. Mna daftari la babu aliyekuwa fundi, lenye hesabu ya nguzo na jina la aliyelipwa mbuzi. Mna ramani ya darasa au zahanati iliyokunjwa mara nane. Hakuna aliyewahi kuziita nyaraka. Ni nyaraka, na ni za thamani.

Tembe haidumu kama jiwe. Nguzo zenye panda, boriti, fito, udongo wa kukandika na paa bapa la udongo vyote vilitoka hapo hapo, na vyote hurudi hapo hapo. Watu wakihama, masika machache yanatosha kuilaza chini. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi kutoka kwenye kaya zao, na nyumba zikabaki bila wa kuzikandika. Kinachobaki sasa ni karatasi, picha na vichwa vya wazee. Kwa kazi hii ya kutunza kumbukumbu unahitaji vitu vya dukani tu. Ukivikosa Rungwa, agiza Itigi au Manyoni.

Andika kwanza, futa vumbi baadaye

Wengi hufungua sanduku na kuanza kupanga: picha huku, barua kule, daftari juu ya meza. Usifanye hivyo. Mpangilio ulioukuta una habari ndani yake. Picha iliyokaa katikati ya daftari la fundi huenda ni ya nyumba iliyoandikwa kwenye ukurasa ule ule. Ukiitoa bila kuandika umekata uzi, na mwenye kuuunga huenda alishafariki.

Piga picha sanduku likiwa wazi, kabla hujagusa chochote. Kisha toa kitu kimoja kimoja, kuanzia juu kwenda chini. Kila kitu kipe namba: 001, 002, 003. Vilivyokutwa pamoja, viache pamoja.

Nunua kaunta buku. Hiyo ndiyo rejista yako. Chora safu sita: namba, ni kitu gani, kimekutwa wapi, kimetoka kwa nani, kinahusu nyumba gani, nani anaijua habari yake. Usiache safu ya mwisho wazi. Kama ni shangazi yuko Mbeya, andika jina lake na umpigie simu wiki hii.

Namba kwenye kitu chenyewe iandikwe kwa penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Peni huvuja na kupenya upande wa pili. Picha ya karatasi ya plastiki haishiki penseli, kwa hiyo iweke kwenye bahasha na uandike juu ya bahasha kabla hujaiingiza.

Sasa fanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengine yote hapa: kila nyumba nayo ipe namba yake. N1, N2, N3. Karatasi, picha, sauti au kipande cha mti kinachohusu nyumba hiyo kibebe namba hiyo.

Sababu yake ni hii. Mfuko wa saruji ni ule ule Mwanza na Mtwara, na ramani ya nyumba ya tofali za saruji inaeleweka popote. Tembe sivyo. Mlango wake ulielekezwa kwa kufuata upepo, udongo wake ulichimbwa kwenye kichuguu fulani, nguzo zake ni za mti ambao fundi alijua mchwa hawaupendi. Mchoro usio na habari hizo ni nusu ya nyumba. Kwa hiyo chini ya kila namba ya nyumba andika: ilijengwa wapi, mlango ulitazama wapi, udongo ulitoka wapi, nguzo ni za mti gani, ulikatwa mwezi gani, nani alijenga, nani alikandika, nani alikaa humo, ilianguka lini.

Jina la mti liandike kama fundi anavyolitamka, kwa Kikimbu, Kinyaturu, Kigogo au lugha yoyote aliyoitumia. Usilibadilishe. Mtaalamu wa mimea atalitafutia jina la kitaalamu baadaye, ila jina la fundi hatalipata popote pengine.

Hata wakubwa wa dunia wanategemea rejista. Frank Lloyd Wright, Mmarekani aliyelitangaza wazo la nyumba inayochipua kutoka kwenye ardhi yake, alifariki 1959. Mwaka 2012 nyaraka zake zilikabidhiwa kwa taasisi mbili za New York: michoro na karatasi zikaenda maktaba ya Avery ya Columbia University, na vielelezo vya majengo vikaenda makumbusho ya MoMA. Michoro peke yake ni kama 23,000. Vitu vimekaa majengo mawili tofauti, na bado mtafiti anavioanisha, kwa sababu kila kimoja kina namba na maelezo. Wewe una vitu arobaini. Utaweza.

Karatasi na ramani

Sasa futa vumbi. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Piga kutoka katikati kwenda nje. Vaa barakoa, hasa ukiona madoadoa ya ukungu, na kazi ya ukungu ifanyie nje kivulini. Usitumie kitambaa chenye maji.

Toa pini, klipu zenye kutu na mipira ya kufungia. Seloteipu iliyokwisha kushika iache. Ukiivuta itaondoka na maandishi.

Usipeleke chochote kufanyiwa lamineshini. Najua inapendeza na steshenari ziko kila mahali. Lakini joto la mashine na gundi yake vikishaingia kwenye karatasi havitoki tena. Karatasi iliyochanika iweke tu ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa katikati, kama faili.

Ramani kubwa iliyokunjwa usiikunjue kwa nguvu. Mchana wa Septemba hewa ya Rungwa ni kavu mno, na karatasi ya tresingi, ile inayopitisha mwanga, hukatika kwenye kunjo. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema. Ifungue pindo moja, weka vitabu safi pembeni, iache mpaka kesho, kisha endelea.

Ikishanyooka, ihifadhi ikiwa imelala. Huna meza wala droo kubwa? Tafuta bomba la plastiki la maji lenye upana wa nchi nne au zaidi. Livalishe kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kukaushwa, halafu izungushe ramani juu ya bomba, si ndani yake. Ukiichomeka ndani, siku ya kuitoa utaichana. Malizia kwa kuifunika na kitambaa kingine na kufunga kwa utepe mpana wa pamba.

Ramani za bluu zenye mistari myeupe zinafifia haraka kwenye mwanga. Zitoe, zipige picha, zirudishe gizani. Usizitundike ukutani ofisini hata kama mgeni anakuja.

Picha

Shika picha kwa pembe. Jasho la kidole huacha alama ambayo inajitokeza miaka baadaye. Kila picha ipate bahasha yake ya karatasi. Mifuko ya nailoni ya dukani hapana, maana inanasa unyevu.

Picha iliyogandia kwenye albamu yenye gundi usiibandue. Ipige picha hapo hapo ilipo.

Negativu zikinuka siki, zimeanza kuoza. Zitenge na picha nyingine siku hiyo hiyo na uzipige nakala mapema.

Mchwa, panya na bati

Hapa ndipo nyaraka nyingi za vijijini huishia, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Sanduku lisikae sakafuni. Lisiegemee ukuta. Liweke juu ya meza au kichanja, kiasi cha shubiri moja kutoka ukutani na zaidi ya shubiri kutoka chini. Mchwa hatembei wazi. Lazima ajenge njia yake ya udongo, na ukiacha nafasi hiyo utaiona njia kabla hajafika. Kila Jumamosi unapofagia, inama uangalie miguu ya meza. Hiyo ni dakika moja.

Chagua chumba cha ndani, si kile ambacho ukuta wake unapigwa na jua la jioni. Chini ya paa la bati lisilo na dari joto hupanda vibaya mchana na kushuka usiku, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakochosha karatasi. Nyumba ya udongo, kama bado unayo, ni stoo nzuri kuliko unavyodhani: haipati joto haraka. Hakikisha tu paa halivuji.

Sanduku la bati linazuia panya vizuri. Tatizo lake ni kutu na jasho. Tandika ndani boksi la karatasi ngumu, kisha kitambaa cha marekani, ndipo uweke bahasha. Usilijaze hadi kifuniko kikabane.

Naftalini usiweke. Mvuke wake si mzuri kwa mapafu yako na unadhuru picha. Majani ya mwarobaini watu huyatumia sana. Mimi siyaweki ndani, kwa sababu yakivunjika yanaacha madoa na yanavuta wadudu wengine. Usafi, nafasi na jicho lako vinafanya kazi kuliko dawa. Usile chakula karibu na sanduku, na asali usiisogeze kabisa. Nyenyere hawahitaji kukaribishwa.

Mvua zikianza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, acha sanduku limefungwa. Fungua siku kavu tu. Kiangazi, kuanzia Mei, ndicho msimu wako wa kazi.

Ikitokea paa limevuja na karatasi zimelowa, una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Zitandaze kivulini penye upepo, juu ya vitambaa safi, na ubadilishe vitambaa vikilowa. Usianike juani, usipige pasi. Picha zilizolowa zikagandana, usiziache zikauke hivyo. Ziloweke kidogo kwenye maji safi ya baridi, zitenganishe taratibu, zilaze uso juu. Kama kazi ni kubwa kuliko mikono, anza na zile ambazo hazina nakala popote.

Simu yako ni skana

Weka karatasi karibu na dirisha, kivulini. Zima fleshi. Simu iwe sambamba na karatasi, si ya kuinama. Ndani ya picha kuwe na rula na kikaratasi chenye namba. Piga mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona patupu.

Ipe faili jina lenye maana: N3-017-mbele. "IMG" na tarakimu kumi haitakusaidia mwaka kesho.

Usitume picha hizi kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Inazibana na kupunguza ubora. Zitume kama dokumenti, au zihamishe kwa waya.

Weka nakala tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nyumba moja ikiungua au flashi ikifa, bado unazo mbili. Kila Sabasaba fungua kila nakala uone kama inasoma. Ni kiangazi, ni sikukuu, na tarehe haisahauliki.

Nenda kwenye tembe yenyewe

Karatasi zikiwa salama, toka nje. Kama kijijini kwenu bado kuna tembe iliyosimama, hata nusu, ipime kabla ya masika.

Chukua futi kamba ya mita 30, daftari la hesabu lenye viboksi, penseli na mtu mmoja wa kushika ncha. Pima urefu wa kila ukuta, unene wake, upana wa mlango, kimo cha ndani, umbali kati ya nguzo na nguzo. Pima pia mshazari wa ua, kutoka kona hadi kona. Bila mshazari hutajua kama kona zilikuwa mraba au zimepinda, na tembe nyingi zimepinda kwa makusudi kufuata ardhi.

Chora kwa kipimo cha 1:50, yaani mita moja ya nyumba ni sentimita mbili za karatasi. Weka alama ya kaskazini. Andika tarehe na majina ya waliopima.

Kisha picha. Pande nne za nje. Kila kona. Paa kutoka ndani ukiwa umelala chali, maana ufundi wa boriti na fito unaonekana kutoka hapo. Panda ya nguzo mahali inapopokea boriti. Bawaba au kizingiti cha mlango. Mahali palipobomoka usiparuke. Ukuta uliopasuka unaonyesha tabaka zote, kitu ambacho ukuta mzima unakificha. Weka rula au mkono wako ndani ya picha ili ukubwa ujulikane. Washa GPS uandike mahali.

Chukua sampuli ndogo: konzi ya udongo wa ukuta uliokwisha anguka, kipande cha fito, ganda la mti. Udongo ukaushe, uweke kwenye chupa yenye namba. Vipande vya mti usivihifadhi kamwe karibu na karatasi. Wadudu watoboao mti watahamia kwenye daftari la babu yako.

Omba ruhusa ya mwenye mji kwanza. Na ukisikia kuna mahame ndani ya Pori la Akiba la Rungwa, usiingie na koleo. Pori hilo liko chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na kibali kinaombwa ofisini kwao.

Kaa na mzee

Hii usiiahirishe. Nenda saa ambayo mzee amepumzika. Msalimie kama unavyojua kumsalimia, mweleze unataka nini, muulize kama anakubali kurekodiwa, na akubali kwa sauti yake mwanzo wa rekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege isilie katikati.

Usimuulize "tembe zilijengwaje?" Swali hilo litakuletea hotuba. Mwonyeshe picha. "Shikamoo babu, nyumba hii ni ya nani? Hii nguzo ni mti gani? Mliukata wapi? Kwa nini si ule mwingine? Paa lilivuja lini, na mlifanya nini?" Maneno ya ufundi yatoke kinywani mwake. Mwombe ayarudie taratibu.

Muulize na bibi. Kukandika, kusiriba sakafu na kuchanganya udongo mara nyingi ilikuwa kazi ya wanawake, na daftari la fundi haliwataji. Bibi akikwambia kiasi cha mavi ya ng'ombe kwenye mchanganyiko, uliza ni vikapu vingapi na kikapu cha ukubwa gani.

Nakala zako ziende wapi

Asili ibaki kwa mwenye nayo mpaka yeye mwenyewe aamue vingine. Usimlazimishe mtu. Ukiazima picha, andika siku ya kurudisha na uirudishe siku hiyo.

Ramani na mafaili ya ofisi ya kijiji, shule au zahanati ni mali ya umma, na zinasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Usizibebe nyumbani kwa nia njema. Omba kuzipiga picha hapo ofisini, na mshawishi mtendaji aziinue kutoka sakafuni.

Mkusanyiko ukikua, andikia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa uulize namna ya kukabidhi. Michoro na vipimo vina maana pia kwa Chuo Kikuu Ardhi. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilianzishwa 1966 kwa ajili ya nyumba za jadi za makabila ya Tanzania, na tembe ya Kigogo ipo pale. Ukifika mjini nenda ukaitazame, uilinganishe na vipimo vyako. Popote unapokabidhi kitu, dai hati yenye saini inayosema ni nakala au ni asili, na nani ana haki ya kuitumia.

Tafuta pia vilivyokwisha ondoka. Wamisionari wa Moravian walianza kazi Unyamwezi mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakafika Ukimbu. Walipiga picha nyingi, na nyaraka zao ziko Herrnhut, Ujerumani. Sehemu ya picha hizo imewekwa mtandaoni katika mkusanyo wa picha za misheni wa University of Southern California. Tafuta kwa maneno "tembe" na "Unyamwezi". Ukiona mahali unapopajua, chapisha picha, mpelekee mzee, washa rekoda.

Na ramani za fundi wa sasa, usizidharau. Soko la Kariakoo, lenye paa la zege lililotanuka kama miavuli ya miti, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Julai 2021 liliungua. Jengo lolote likiungua, swali la kwanza la mhandisi ni ramani iko wapi. Anayejenga nyumba ya udongo Rungwa leo mwombe mchoro wake, hata kama ameuchora nyuma ya boksi la sabuni. Upe namba.

Usingoje vifaa vikamilike. Kaunta buku na penseli unavipata leo kabla duka halijafungwa. Jioni hii toa sanduku, lipige picha likiwa wazi, andika vitu vitano vya kwanza. Kesho asubuhi mpigie shangazi.